Laptopu moja ya chuo na ya magemu: kwa nini betri ya 90 Wh inaisha kabla ya ile ya 52 Wh?

#1 Nguzo_Mpya
Habari wakuu. Naanza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi na nina wiki chache tu za kununua laptopu. Nataka moja ifanye yote: niende nayo darasani, nichoree, na usiku nicheze magemu na wenzangu. Nilijiona nimeshamaliza utafiti: tafuta yenye betri kubwa kuliko zote, basi. Wiki hii nimekutana na jambo limenivuruga.

Binamu yangu kaniazima ya kwake ya gemu: inchi 15.6, kilo 2.4, kadi ya picha RTX 4060, betri imeandikwa 90 Wh (wati-saa). Dada yangu ana ya kawaida: inchi 14, kilo 1.4, haina kadi ya picha ya pekee, betri 52 Wh. Nimekaa nazo maktaba zote zikiwa 100%, mwangaza nusu, kila moja nimeifungulia PDF ileile na kivinjari chenye kurasa tano. Gemu sijagusa. Baada ya saa 2 na dakika 50, ya binamu imebaki 8%. Ya dada iko 61%.

Nieleweshwe. Betri karibu mara mbili, kazi ileile, inakuwaje ndiyo itangulie kukata roho? Na kama hali ndiyo hii, laptopu moja ya kila kitu ipo kweli?

#2 Tai_Mzee
Haipo. Nunua nyepesi, magemu cheza likizo. Miaka minne ya kubeba kilo 2.4 mgongoni si mchezo.

#3 Hesabu_Haidanganyi
Tupige hesabu kwanza, ubishi baadaye. Wh ni ukubwa wa tangi, wati ni kasi ya kunywa. Ya binamu: 92% ya 90 Wh ni kama 83 Wh, gawanya kwa saa 2.83, unapata wati 29. Ya dada: 39% ya 52 Wh ni kama 20 Wh, gawanya vilevile, wati 7. Mashine moja inakunywa mara nne ya mwenzake kwa kusoma PDF tu!

Kwa hiyo achana na ukubwa wa betri. Muulize mwenye mashine: wati 22 za ziada anazila nani?

#4 Fundi_Bisibisi
Nimefungua nyingi za aina hiyo na mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni GPU, yaani chipu ya picha. Laptopu ya gemu inazo mbili: ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kubwa ya pekee. Ukiwa unasoma, ile kubwa inatakiwa ilale usingizi kabisa. Sasa nyingi zina swichi inaitwa MUX, inaunganisha skrini moja kwa moja na GPU kubwa ili gemu lipate fremu (picha kwa sekunde) zaidi. Mchezaji akishaiwasha, kuirudisha hakumbuki. Skrini ikishaning'inizwa kwenye GPU kubwa, GPU hiyo hailali hata ukiangalia ukurasa mweupe siku nzima.

Ingia kwenye programu ya mtengenezaji iliyokuja na mashine, tafuta hali ya haibridi, iwashe, uzime na kuwasha upya. Kisha rudi utuambie.

#5 Bi_Pikseli
Fundi, skrini umeiruka. "Mwangaza nusu" hausemi chochote, maana nusu ya kioo chenye niti 500 (niti ni kipimo cha mwangaza) inaweza kuwa sawa na kile cha niti 250 kikiwa wazi mpaka mwisho. Mkuu wa uzi alitakiwa aziweke pembeni zilingane kwa macho, siyo kwa alama ya kwenye kitelezi. Halafu kuna Hz. Ya gemu bila shaka ipo 144 au 165, ya dada 60. Kuchora picha mara 165 kwa sekunde ni kazi, hata kama picha yenyewe haibadiliki. Ya kwangu nikiishusha kutoka 144 hadi 60 inapungua kama wati 3.

#6 Kobe_Mpole
Prosesa je? Mbona hakuna aliyeuliza? Soma herufi za mwisho wa jina lake. U imetengenezwa kwa ajili ya betri. H iko katikati. HX za Intel ni chipu ya kompyuta ya mezani iliyofungwa kwenye umbo la laptopu, na tabia za mezani hazijaiacha: hata ikikaa bure inakula. Mimi naweka dau kwenye herufi hizo mbili.

#7 Nguzo_Mpya
Ahsanteni. Nimeangalia: Core i7-13650HX, skrini 165 Hz. Hiyo MUX namsubiri binamu arudi, sitaki kugusa mipangilio yake bila ruhusa.

#8 Kobe_Mpole
HX. Nipeni haki yangu.

#9 Fundi_Bisibisi
Haki ya wati ngapi, Kobe? HX ikitulia haiwezi kukupa 22 peke yake. Tusubiri jibu la MUX.

#10 Mchora_Ngazi
Niko mwaka wa tatu usanifu majengo, naomba niseme kutoka upande wa darasani maana huko ndiko mdogo wetu anakokwenda.

Niliingia chuo na laptopu ya kilo 2.5. Watu wanataja kilo za mashine, chaja hawaitaji. Ya kwangu ilikuwa ya wati 230, tofali kabisa, na waya wake mnene kama wa pasi. Pamoja zilivuka kilo 3. Ukumbi wetu wa mihadhara una safu kumi na mbili za viti na soketi nne, zote ukuta wa nyuma. Kwa hiyo muhula mzima wa kwanza nilikaa nyuma. Siyo kwamba nilipenda, waya ndio ulionipangia kiti. Ubao sikuuona vizuri, nikawa napiga picha kwa simu halafu nazikuza.

Kuna siku feni zilianza kunguruma mhadhiri akiwa anaeleza, chumba kizima kikageuka. Nilifunga kifuniko nikaandika kwa kalamu.

Lakini upande wa pili: wiki ya kukabidhi kazi, mashine ile ile ilitoa picha za jengo langu kwa dakika 40, mwenzangu mwenye nyepesi yake aliiacha usiku kucha. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu "usinunue". Namwambia aende akaone soketi za chuo chake kwanza.

#11 Tai_Mzee
#10 umesema kile nilichokisema kwa mstari mmoja.

#12 Mchora_Ngazi
Hapana Tai, soma aya ya mwisho. Mimi sijasema asinunue.

#13 Tufaha_Bichi
Mbona hakuna aliyetaja MacBook Air? Tangu M1 ya mwaka 2020 haina hata feni, kwa hiyo kelele ni sifuri, na unakwenda siku nzima bila chaja. Kilo 1.2 na ushee. Shida imeisha.

#14 Zege_na_Chuma
Haijaisha, kaka. Kasema uhandisi wa ujenzi. Mimi nimemaliza fani hiyohiyo, na programu zetu za kuchora na kukokotoa miundo ni hizi: Revit ni ya Windows tu, Civil 3D ya Windows tu, ETABS ya Windows tu. AutoCAD nayo kwenye Mac haipo.

#15 Bi_Pikseli
AutoCAD kwenye Mac ipo, tena miaka mingi. Hizo nyingine tatu uko sahihi.

#16 Zege_na_Chuma
Nimesahihishwa, ahsante dada. Ila moja kati ya nne haimvushi mtu mwaka wa pili. Na kwenye Mac za sasa huwezi kugawa diski uweke Windows ya kawaida kama zamani. Unaendesha Windows ya ARM (toleo la chipu za aina iliyomo kwenye Mac hizo) ndani ya programu nyingine, halafu unaomba Mungu programu ya miundo ikubali.

Mdogo wangu Nguzo, kitu kimoja kikutulize: miaka miwili ya kwanza kazi ni nyepesi. Mihimili, AutoCAD ya mistari, Excel. ETABS yenyewe inataka prosesa na RAM kuliko GPU. Usidanganyike kwamba fani yako ndiyo inadai RTX. Inayodai RTX ni magemu yako, na hilo siyo kosa, ila lijue mapema ili upange vizuri.

#17 Mlinda_Lango
Magemu gani lakini? Hilo ndilo lingeulizwa post ya pili. Ukicheza ya mpira na yale ya timu mbili mtandaoni, GPU ya ndani ya prosesa za siku hizi inatosha. Radeon 780M iliyo ndani ya Ryzen 7 7840U nimeichezea mwaka mzima, mipangilio ya chini, 1080p, bila kulalamika. Kilo 1.3. Chaja yangu inaingia mfukoni na ndiyo hiyohiyo inachaji simu.

#18 Nguzo_Mpya
Nacheza Valorant na wenzangu, na EA FC. Mara mojamoja yale makubwa ya kuzunguka dunia peke yangu, ila hayo nimeshakubali kuyapunguzia.

#19 Mlinda_Lango
Valorant! Basi Mac imetoka kabisa, haina toleo lake, na Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) pia usihangaike kwa sababu ya ule mlinzi wake wa kuzuia wadanganyifu. Lakini Valorant yenyewe ni nyepesi mno, 780M inaibeba bila jasho. Unataka RTX 4060 ya nini?

#20 Kijana_wa_Fremu
Ya fremu 165 kwenye skrini ya 165 Hz, mkuu. Aliyezoea 165 ukimrudisha 60 anaona kama anatembea kwenye matope. Usimkatishe tamaa.

#21 Mlinda_Lango
Akichezea kwenye betri hizo 165 hatazipata hata kwenye hiyo 4060. Chomoa chaja uone. Betri haiwezi kutoa nguvu ambayo chaja ya wati 230 inatoa, kwa hiyo mashine inajibana yenyewe. Tena nyingine zinakuja zimewekewa kikomo cha fremu 30 ukiwa kwenye betri, mpaka ukakitafute ukitoe. Na ukikitoa, 90 Wh kwa mashine inayokula wati 100 haifiki hata saa.

#22 Wawili_Wawili
Njia yangu: laptopu nyepesi ya kawaida kwa darasa, na kompyuta ya mezani chumbani kwa magemu. Kwa nguvu ileile, ya mezani inakugharimu fedha pungufu, inapoa vizuri, ukitaka kubadili kadi unabadili kadi tu. Kila kifaa kinafanya kazi yake.

#23 Mchora_Ngazi
Wawili, umewahi kuishi bweni? Kila mwisho wa mwaka unahama chumba. Nimemsaidia rafiki kubeba ile ya mezani ghorofa tatu, na skrini, na meza haikutosha, ikaishia sakafuni karibu na viatu. Vumbi lililotoka ndani yake muhula ulipoisha lingejaza kiganja.

#24 Wawili_Wawili
Basi kiganjani. Steam Deck, mashine ya magemu ya kushika mkononi, haifiki hata gramu 700, unaiweka kwenye begi pamoja na ile nyepesi.

#25 Mlinda_Lango
Steam Deck ni Linux, na Valorant tumeshasema. Wawili, rudi #19 usome.

#26 Wawili_Wawili
Kweli, hilo lilinipita. Kuna za kiganjani za Windows, ila nakubali hapo tunazidi kumwongezea vitu vya kubeba.

#27 Kamba_Fupi
Kuhusu chaja ya tofali aliyosema #10: siku hizi nyingi za gemu zinachaji pia kwa USB-C. Acha tofali chumbani, beba kachaja kadogo. Mwisho wa USB-C ni wati 100, kwa darasani zinatosha kabisa.

#28 Fundi_Bisibisi
Wazo zuri, namba siyo. Tangu mwaka 2021 kiwango kipya cha USB-C kinafika wati 240. Kilichopo ni kwamba laptopu nyingi zenyewe zinapokea 100 tu, au 65, au tundu lipo na halichaji kabisa. Soma karatasi ya vipimo kabla ya kulipa. Na ukicheza gemu zito ukiwa kwenye ya wati 100, betri itaendelea kushuka huku alama ya kuchaji ikiwaka. Watu wengi wananiletea mashine wakidhani imeharibika.

#29 Kamba_Fupi
Nimekupata Fundi. Ya kwangu ni 100 ndiyo maana nilidhani ndio mwisho.

#30 Tai_Mzee
Na hakuna laptopu itakayozidi 100 Wh maana ni marufuku. Kwa hiyo hilo la "betri kubwa zaidi" lina ukuta.

#31 Hesabu_Haidanganyi
Marufuku ni neno kubwa, mzee wangu. Ni kanuni za ndege: betri isiyozidi 100 Wh unapanda nayo bila kuuliza, kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Watengenezaji hawataki kumtia mteja kwenye foleni ya maswali, ndiyo maana unakuta 99 Wh nyingi. Ukuta upo, ila aliyeujenga ni abiria.

#32 Kijana_wa_Fremu
Nguzo, ukiamua 4060, usinunue jina. Angalia wati zake. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa kuanzia wati 35 hadi 115, kwa jina lilelile. Ile nyembamba ya wati 60 na ile nene ya 115 kwenye gemu zito hazikutani. Muuzaji hatakuandikia mbele ya boksi. Na utazame VRAM (kumbukumbu ya GPU yenyewe): 4060 ina GB 8, 4050 ina 6.

#33 Mlinda_Lango
Hapo nakuunga mkono Fremu, mara ya kwanza leo.

#34 Nne_Nne_Nane
Naomba nitoe langu, limeniuma miaka miwili. Nilinunua nyembamba nzuri sana, RAM GB 8, nikajiambia nitaongeza baadaye. Siku niliyomaliza kukusanya hela ya kuongeza nikaipeleka kwa fundi, akafungua kifuniko cha chini, akakaa kimya, akanigeuzia nione: RAM imelehemiwa kwenye bodi, hakuna hata nafasi. Tangazo lilisema "inaweza kuboreshwa", kumbe ni diski tu. Kila nikifungua modeli ya jengo lenye ghorofa nyingi, kivinjari lazima nifunge. Nguzo, GB 16 iwe ndio chini kabisa, na uulize kwa maandishi kama ina nafasi ya RAM.

#35 Zege_na_Chuma
Pole sana #34. Na zile nyembamba zinazosifiwa kwa betri, nyingi ndizo zenye RAM ya kulehemu. Ile familia ya Intel ya Core Ultra 200V RAM imewekwa kwenye kifungashio cha prosesa chenyewe, 16 au 32, ukishanunua umenunua. Kuna sababu ya kiufundi, RAM ikikaa karibu inakula umeme kidogo. Kwa hiyo hapo betri na uwezo wa kuongeza vinavutana.

#36 Nguzo_Mpya
Wakuu nimerudi. Binamu kanipa ruhusa. Fundi ulikuwa sahihi, MUX ilikuwa imewashwa upande wa GPU kubwa, anasema hajawahi kuigusa tangu siku ya kwanza. Nimeweka haibridi. Pia nimeshusha skrini hadi 60 Hz kama alivyosema Bi Pikseli. Nimerudia jaribio maktaba, kurasa zilezile, saa 2 na dakika 50. Imebaki 49%!

#37 Fundi_Bisibisi
Nilisema.

#38 Bi_Pikseli
Umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, mdogo wangu. Sasa sifa tutampa nani?

#39 Kobe_Mpole
Na bado inakunywa. 51% ya 90 ni 46 Wh, kwa saa 2.83 ni wati 16. Ya dada ni 7. Hizo 9 zilizobaki nani anazila kama siyo HX?

#40 Mzee_wa_Saketi
Vijana, nimewasoma tangu mwanzo na nimesubiri mtu aulize. Nani kasema betri bado ni 90? Hiyo ni namba ya siku ilipotoka kiwandani. Mashine ya gemu inayokaa kwenye chaja mwaka mzima, 100%, ikiwa ya moto, betri yake inazeeka haraka. Joto na kujaa muda wote ndivyo vinavyoimaliza lithiamu. Fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili. Humo tafuta uwezo wa usanifu na uwezo wa kujaa kwa sasa.

#41 Nguzo_Mpya
Shikamoo mzee. Nimefanya. Usanifu 90,000 mWh. Kujaa kwa sasa 71,240 mWh, yaani kama 71 Wh. Ana mashine hii miaka miwili.

#42 Hesabu_Haidanganyi
Basi hesabu yangu ya #3 ilikosea, naifuta. 92% ya 71 ni kama 65.5 Wh, kwa saa 2.83 ni wati 23 na siyo 29. Na ya Kobe: 51% ya 71 ni 36, ni wati 13 hivi na siyo 16. Tofauti na ya dada inabaki 6. Na ya dada nayo hatujaipima, Nguzo. Huenda na yenyewe si 52 tena.

#43 Kobe_Mpole
Sita ni sita. Herufi mbili zile.

#44 Bi_Pikseli
Au kioo kikubwa, maana bado hajalinganisha mwangaza kwa macho. Au taa za kibodi, hizo nazo zinawaka maktaba mchana?

#45 Nguzo_Mpya
Zinawaka, dada. Rangi zote.

#46 Fundi_Bisibisi
Zima. Na mwambie binamu aweke kikomo cha kuchaji 80% akiwa kwenye waya, programu ileile uliyobadilishia MUX huwa inacho.

#47 Mzee_wa_Saketi
Marahaba kijana. Rudia jaribio, badilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza MUX peke yake, skrini irudi 165.

#48 Mlinda_Lango
Mkimaliza kupima betri ya binamu, mtu hajanunua laptopu bado.

#49 Nguzo_Mpya
Nimeshukuru wote. Kesho napita chuo kuhesabu soketi kama alivyosema Mchora Ngazi. Mezani kwangu zimebaki mbili: ya kilo 1.3 yenye 780M na GB 32, au ya gemu ya inchi 14, kilo 1.6, RTX 4060, inayochaji kwa USB-C wati 100. Ya pili muuzaji kasema 4060 yake ni "kamili". Nimemwandikia aniambie ni wati ngapi, hajajibu.

#50 Kijana_wa_Fremu
Kilo 1.6 na "kamili"? Asipojibu kwa namba, usitoe hela.

#51 Zege_na_Chuma
Na hiyo ya 1.6, muulize RAM imelehemiwa au ina nafasi.

#52 Kobe_Mpole
Na herufi za mwisho za prosesa.